Gurudumu Likishinda, Mgeni Anaondoka: Kisa cha Exploratorium

Magurudumu mawili yana uzito sawa na upana sawa. Moja limefungwa vyuma vyake karibu na kitovu, la pili limefungwa vyake pembezoni. Yaachie kwa pamoja juu ya mteremko, na lile lenye vyuma katikati litafika chini kwanza, kila mara, awe ameliachia mtoto au profesa. Kitu kinachobingirika hakishuki tu, kinazunguka pia, na chuma kilicho mbali na mhimili ni kigumu zaidi kuzungusha. Pete tupu huongeza kasi kwa nusu tu ya kiwango ambacho kitu kinachoteleza bila msuguano kingepata kwenye mteremko uleule. Sahani iliyojaa hupata theluthi mbili. Ukubwa wa pete au uzito wa sahani haubadilishi chochote. Ni fizikia safi, tena ya kushangaza. Ila inaisha upesi.

Mgeni anayaachia magurudumu, anaona lipi limeshinda, anatupia jicho kibao cha maelezo, anahamia onyesho la jirani. Dakika moja hivi. Amepata jibu la swali ambalo hakuliuliza, na hana sababu ya kubaki. Majumba mengi ya sayansi yangeona hapo kazi imekamilika: mgeni kagusa, kashangaa, kajifunza.

Exploratorium la San Francisco, mojawapo ya majumba yaliyoigwa sana katika fani hii, lilikataa kuridhika hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wake waliyageukia maonyesho yao wenyewe, yale yaliyopendwa hasa, wakauliza kwa nini yanamalizika haraka. Nakichambua kisa hiki kwa sababu ushauri anaopewa kila anayetaka kuanzisha kituo cha sayansi, "waache watu waguse", unaishia pale ambapo jumba hili lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kujihoji.

Mwanzilishi na karakana yake

Frank Oppenheimer alikuwa mwanafizikia, mdogo wake J. Robert Oppenheimer aliyeongoza maabara iliyounda bomu la atomiki, na alikuwepo jangwani New Mexico alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945, bomu la kwanza la atomiki lilipolipuliwa kwa majaribio. Mwaka 1949 aliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Alikiri kwamba yeye na mkewe waliwahi kuwa wanachama wa Chama cha Kikomunisti, akakataa kuwataja wenzake, na kibarua chake Chuo Kikuu cha Minnesota kikaota nyasi. Akaenda kufuga ng'ombe huko Pagosa Springs, Colorado.

Mwaka 1957 akapata kufundisha sekondari ya mji huo mdogo. Maabara ya maana hakuwa nayo, basi akawapeleka wanafunzi kwenye jalala la vyuma chakavu wakachokonoe mashine zilizotupwa na kujifunzia humo umeme, joto na mwendo. Baadaye, alipokubaliwa tena chuoni, safari hii Colorado, alijenga kile alichokiita maktaba ya majaribio: vifaa vimekaa tayari, mwanafunzi anakwenda saa anayotaka na kukaa na jaribio muda anaoutaka. Mwaka 1965 akapata nafasi ya kuishi London, akatumia muda huo kuyatembelea majumba ya sayansi ya Ulaya, likiwemo Deutsches Museum la Munich na Palais de la Découverte la Paris. Aliporudi alikuwa ameshaamua.

Exploratorium lilifunguliwa mwaka 1969 ndani ya Palace of Fine Arts, jengo refu lililopinda ambalo lilibaki kutokana na maonyesho makubwa ya dunia ya 1915. Mada yake ya kwanza haikuwa roketi wala mitambo. Ilikuwa hisi za binadamu: jinsi tunavyoona, tunavyosikia, tunavyogusa. Mwaka huohuo Toronto nayo ilifungua Ontario Science Centre, kwa hiyo wazo la kushikashika lilikuwa hewani tayari, wala Oppenheimer hakulibuni peke yake. Tofauti yake iko kwingine.

Ya kwanza ni karakana. Aliiweka wazi karibu na mlango, mgeni anaingia na kukutana na watu wanachomelea vyuma na kukata mbao. Wengi wanaosimulia habari za jumba hili huipita karakana kama pambo la kuvutia macho. Mimi naiona kuwa ndiyo uti wa mgongo wa kisa chote. Anayetengeneza onyesho yuko hatua chache kutoka kwa anayelitumia. Akimwona bibi mmoja anahangaika na mpini uliokaa vibaya, kifaa kinarudi mezani siku hiyohiyo. Jumba linalonunua maonyesho yaliyokamilika kutoka kwa mkandarasi haliwezi kufanya hivyo. Likigundua kosa, halina mtu wa kusogeza hata skrubu, na mkataba umeshafungwa.

Ya pili ni vijana wa sekondari walioajiriwa kuwa waelezaji. Hawakuwekwa kulinda vitu wala kukariri hotuba. Walikaa na wageni, wakapasua jicho la ng'ombe mbele yao, wakakubali kuulizwa wasichokijua. Oppenheimer alikuwa na kauli aliyopenda kuirudia, kwamba hakuna mtu anayefeli jumba la makumbusho.

Kauli hiyo inapendwa, nami naipenda, lakini ina kishimo ndani yake. Kama hakuna anayefeli, basi jumba lenyewe nalo litajuaje kwamba limefeli?

Swali ni la nani?

Hapo ndipo unapoingia mradi uliojulikana kwa kifupi kama APE (Active Prolonged Engagement, yaani kushiriki kwa vitendo na kwa muda mrefu), uliogharamiwa na NSF, taasisi ya taifa ya Marekani inayofadhili sayansi, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 2005. Thomas Humphrey na Joshua Gutwill, walioiandika, waliyagawa maonyesho mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ugunduzi uliopangwa: mbunifu anajua tangu mwanzo mgeni atafanya nini, ataona nini, na kibao kitamweleza nini. Mbio za magurudumu, kama nilivyozieleza pale juu, ni za fungu hili. Fungu la pili walilijenga kwa makusudi ili mgeni ashiriki kwa vitendo na akae: kifaa kina njia nyingi za kukitumia, na hakuna tukio moja ambalo likishatokea mtu anajiona amemaliza.

Kwenye magurudumu hatua yenyewe ni ndogo mno. Mpe mgeni vyuma avifunge mwenyewe anapotaka. Ghafla "lipi litashinda?" linakuwa swali lake. Anavisogeza ndani, anavisogeza nje, anabishana na ndugu yake. Kisha mmoja anafunga vyuma vyote upande mmoja, gurudumu linashuka kwa kuyumba, linakaza mwendo na kulegea, na kila mtu anacheka. Hilo mbunifu wa zamani angeliita uharibifu wa onyesho. Lakini mtoto aliyefanya hivyo amegusa jambo ambalo fundi wa magari hulishughulikia kila anaposawazisha tairi, na amelifikia kwa kutaka kujua itakuwaje.

Matokeo ya kulinganisha yalikuwa wazi. Kwenye maonyesho ya fungu la pili wageni walikaa kwa wastani wa dakika 3.3, kwenye yale ya ugunduzi uliopangwa, dakika 1.1. La maana zaidi kwangu ni mahali walipotafuta majibu. Kwenye fungu la pili, mtu aliyejiuliza jambo alikuwa na mwelekeo wa kulijibu kwa kukitumia kifaa, wala si kwa kusoma kibao. Mamlaka ya jibu yalihama kutoka kwenye maandishi ya jumba kwenda kwenye kile kinachotokea mikononi mwake. Ukiniuliza sayansi ni nini kwa mtu asiye mwanasayansi, sina jibu bora kuliko hilo.

Utafiti wa namna hii unahitaji kamera na maikrofoni juu ya wageni, na hilo lina mizozo yake. Walizungushia eneo vibao vya kuwaarifu watu kwamba wanarekodiwa, halafu wakafanya utafiti mwingine kujua kama vibao hivyo vinasomwa, wakaviboresha. Nalitaja kwa sababu jumba linalodai kuheshimu akili ya mgeni haliwezi kumrekodi kwa siri.

Vitufe vikizidi

Lingekuwa jambo rahisi kuchukua matokeo hayo na kusema: ongeza vitufe, ongeza vipini, kila kitu kigeuzwe. Majumba kadhaa yameangukia hapo. Sue Allen, mtafiti mwingine wa Exploratorium, na Gutwill waliandika mwaka 2004 makala juu ya mitego mitano ya maonyesho yenye mambo mengi ya kuchezea, na mtu anayebuni kifaa angefaa kuisoma kabla hajanunua swichi ya pili.

Chaguo zikiwa nyingi na zote zinaita kwa sauti moja, mgeni anazidiwa, hajui aanzie wapi. Wageni wengi wakikitumia kifaa kwa wakati mmoja, mmoja anamvuruga mwingine. Hata mgeni aliye peke yake anaweza kulivuruga jambo lenyewe analotakiwa kuliona. Wakati mwingine vitufe vinafanya jambo kuu liwe gumu kupatikana, kwa kuwa linajitokeza kwenye mpangilio mmoja tu kati ya mingi. Na mara nyingine kipengele cha pembeni kinanoga kiasi kwamba kile kikuu hakitazamwi tena.

Huo mtego wa pili na wa tatu unastahili kukaliwa kidogo. Exploratorium lina sahani inayozunguka iliyotandazwa mchanga. Buruta kidole chako kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kuelekea ukingoni, na mchanga unakuonyesha mzingo uliojipinda, kwa sababu sahani ilikuwa ikikimbia chini ya kidole chako. Tuliza kidole mahali pamoja, unapata duara kamili. Ni kifaa ambacho mtu anaweza kukaa nacho muda mrefu, akijaribu jinsi ya kuchora ua au nyota juu ya kitu kisichotulia. Sasa fikiria watu wanne wamekizunguka na mmoja wao ana umri wa miaka mitatu. Kiganja kimoja kikitua, kazi ya wote imefutika. Uhuru ule uliokifanya kifaa kiwe kizuri ndio huohuo unaokiharibu. Hapo dawa si kibao cha "tafadhali subiri zamu yako". Dawa ni kubadilisha umbo la kifaa: kutenganisha sehemu za watu, kupunguza mikono inayofika mahali pamoja. Ni kazi ya karakana, na inafanywa vizuri na mtu aliyesimama pembeni akitazama.

Inafaa kusema pia kwamba dakika ni kipimo cha kuangalia kwa jicho kali. Mtu anaweza kukaa dakika 5 kwenye kifaa kwa sababu amekwama, au kwa sababu mtoto amegoma kuondoka na mzazi yuko kwenye simu. Ndiyo maana mazungumzo yaliyorekodiwa yana thamani kuliko saa. Tena kuna hesabu ambayo wapenzi wa mbinu hii hawapendi kuifanya: kila mgeni akikaa mara tatu zaidi, kifaa kinahudumia theluthi ya watu kwa saa. Siku ya shule kumi kufika kwa mabasi, foleni inakuwa ya kweli. Jumba dogo linaweza kuamua kwa haki kabisa kwamba linahitaji maonyesho machache ya kukaliwa na mengi ya kupitiwa, na mimi nisingelilaumu.

Kufundisha kuuliza

Kifaa kikisharekebishwa, bado mgeni anakuja na mazoea yake. Wengi wetu tumezoea kwamba kwenye makumbusho kuna jibu mahali fulani na kazi yetu ni kulipata. Gutwill na Allen wakajaribu jambo jingine, wakalichapisha mwaka 2010: badala ya kubadilisha kifaa, wabadilishe kikundi kinachokuja. Walizichukua familia wakazifundisha ujuzi wa aina mbili tu, kupendekeza jambo la kujaribu na kueleza kilichoonekana, kwa njia ya mchezo mfupi wenye kanuni chache.

Mchezo mmoja tuuite swali tamu. Kila mmoja anatoa swali ambalo hakuna hata mmoja wao anayejua jibu lake na ambalo kifaa kilichopo mbele yao kinaweza kulijibu. Kikundi kinachagua swali moja, kinalifanyia kazi pamoja, kisha kila mtu anasema alichogundua. Mchezo wa pili ulimpa yeyote ruhusa ya kusimamisha mikono ya wote wakati wowote ili aseme alichoona au anachotaka kujaribu.

Swali tamu lilishinda. Familia zilizocheza mchezo huo ziliboresha uchunguzi wao kuliko zile za mchezo wa pili, na kuliko zile ambazo hazikufundishwa kitu. Nadhani siri iko kwenye sharti la kwamba hakuna anayejua jibu. Baba anayependa kufundisha ananyamazishwa kwa kanuni ya mchezo bila kuaibishwa. Dada mdogo anakuwa na swali lenye thamani sawa na la kaka yake mwenye alama nzuri za fizikia. Na kwa kuwa wanachagua moja, hawatawanyiki kila mtu na kifaa chake.

Nimemtaja dada mdogo si kwa bahati. Mwaka 2001, Kevin Crowley, Maureen Callanan na wenzao, Sue Allen akiwemo, walichapisha utafiti uliofanyika katika jumba la watoto huko California. Wazazi waliwaonyesha wasichana na wavulana jinsi ya kutumia vifaa kwa kiwango kinacholingana, lakini walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kumweleza mvulana sababu ya kinachotokea. Kifaa ni kilekile, mkono wa msichana umegusa vilevile, ila maelezo yamepita juu ya kichwa chake kwenda kwa kaka. Anayetegemea kugusa peke yake hawezi kuliona hilo. Na wazazi hao, nina hakika, wangekana kwa moyo safi kabisa.

Baadaye Exploratorium lilishirikiana na majumba mengine kuchunguza ni sifa zipi za onyesho zinazowafanya wasichana washiriki. Zilizojitokeza zilikuwa za kawaida kabisa: nafasi ya kutosha watu watatu au zaidi, uwezekano wa kumtazama mwenzako kwanza kabla ya kujaribu, mchoro wa kuonyesha matumizi, vitu vinavyofahamika, sura yenye utani au iliyotengenezwa kwa mkono, na matokeo yasiyo na mwisho mmoja. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo uliyokuwa umeijenga mradi wa APE bila kuwa na wasichana akilini.

Kisichoshikika

Haya yote yanafanya kazi kwa mwanga, sauti, mchanga, sumaku, mwendo: mambo yanayotokea mezani, kwa sekunde, kwa ukubwa wa mkono. Mgeni anauliza "je, nikifanya hivi?", anafanya, anajibiwa. Lakini sehemu kubwa ya sayansi inayoamua maisha ya watu leo haiko hivyo. Kirusi hakionekani. Tabia ya nchi hupimwa kwa miongo. Faida ya chanjo hudhihirika unapohesabu maelfu ya watu, na mtu mmoja mmoja haioni kwake.

Aprili 2013, baada ya kuhama kutoka jengo lake la 1915, Exploratorium lilifunguliwa upya Pier 15, juu ya gati lenyewe, na moja ya sehemu zake mpya ni chumba cha ghorofani chenye kuta za kioo kinachoitazama ghuba. Hapo jumba lilikutana ana kwa ana na mpaka wa mbinu yake. Maji huchukua zaidi ya saa 6 kati ya kujaa na kupwa. Mgeni wa dakika 3.3 hatayaona yakisogea, wala hana mpini wa kuyavuta. Kupanda kwa usawa wa bahari ndiyo kabisa. Kwa hiyo ndani ya chumba hicho kuna ramani ya nundu na mabonde ambayo juu yake humulikwa takwimu, kwa mfano jinsi ukungu unavyotembea au chumvi inavyobadilika majini. Muda mrefu unakunjwa ukaonekana kwa muda mfupi, na mgeni anapata tena kitu cha kuuliza.

Nafikiri ni suluhisho zuri, lakini kitu kimebadilika kimyakimya. Kwenye magurudumu mgeni aliamini macho yake. Kwenye ramani anamwamini mtu aliyepima chumvi, na chombo alichopimia, na aliyegeuza namba kuwa rangi. Sayansi nyingi ni ya kuaminiana hivyo, na jumba lisilosema hilo waziwazi linamrudisha mgeni kwenye kibao cha maelezo kwa mlango wa nyuma, safari hii kibao kikiwa na rangi za kupendeza.

Kwa jumba lolote linalotaka kuonyesha mambo ya ukubwa huo, mimi ningeanzia kwenye kipimo. Ningeweka ndoo mbili za maji, moja yenye chumvi zaidi, na kifaa cha kupimia ambacho mgeni anakitumbukiza mwenyewe na kuona namba ikipanda. Amwage maji matamu, aone ikishuka. Akose, arudie, agundue kwamba kifaa kikichafuka kinatoa namba ya ajabu. Hapo ndipo ningemwonyesha ramani, na kumwambia kwamba kila rangi iliyopo pale ilianza na mtu aliyetumbukiza kitu kama hiki majini, naye alikuwa na siku za kifaa kuchafuka.